Picha Niliyoitoa Ukutani

Kwenye sebule yangu hapa Kiseke kuna msumari ambao sijaung'oa. Chini yake rangi ya ukuta imebaki mbichi, ukubwa wa fremu, kwa sababu kwa miaka mingi jua la dirishani halikupafikia. Picha iliyokuwa pale ilikuwa ya binti yangu siku ya mahafali yake ya kidato cha nne. Amevaa sketi ya bluu na shada la karatasi shingoni, anamchekea mtu aliyesimama pembeni ya mpiga picha. Mtu huyo nilikuwa mimi. Picha hiyo niliitoa mwenyewe, nikaifuta vumbi kwa shati langu, nikaikabidhi ikawekwe juu ya jeneza. Binti yangu alikuwa mzima, na alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Nilikuwa mtunza bohari kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Niliishia kidato cha nne, lakini kazini nilisifika kuwa mtu asiyetia saini kitu bila kukisoma. Nyumba hii niliijenga taratibu katikati ya mawe, chumba kwa chumba, na nilipokaribia kustaafu nikaongeza baraza pana lenye nguzo mbili za mviringo. Mke wangu aliziita nguzo za majivuno. Hakukosea, na nguzo hizo ndizo zilizoniletea wageni.

Binti yangu alikuwa kwenye kikundi cha maigizo tangu amalize shule. Walianzia kanisani, wakaenda kwenye harusi na mikutano ya kampeni za afya, wakaigiza kwa kulipwa soda na wali. Alipofika mwaka wa sita wa mambo hayo, kikundi kikapata nafasi ya kutengeneza tamthilia ya televisheni. Walihitaji nyumba ya tajiri wa mitumbwi ya uvuvi. Mwongozaji akaja, akaziona nguzo zangu, akasimama katikati ya ua na kuzungusha mikono kama mtu anayepima kitambaa.

"Baba, hii siyo nyumba," aliniambia. "Hii ni ikulu."

Nikampa. Kabla ya wiki kuisha akaniomba pia niwe mlezi wa kikundi. Kwa vikundi vya sanaa vya huku kwetu, mlezi ni mtu mzima anayesimama kati ya vijana na wazazi wao. Mzazi hamwachii binti yake aende kuigiza na watu asiowajua. Anamwachia kwa sababu mlezi amesema, nitamwangalia. Mwigizaji akiondolewa, akiongezwa au akibadilishiwa kazi, mlezi anatia saini, ili kesho mzazi akija na hasira awepo wa kumjibu. Nilizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba huku Ilemela, nikanywa chai za watu, nikawaambia mabinti zao watakuwa salama kwa sababu mimi nipo.

Binti yangu aliigiza mke mdogo wa tajiri, mpole wa kuonewa, ambaye kadiri hadithi ilivyokwenda alianza kuwa moto. Watu walimpenda. Alikuwa ameolewa wakati huo na fundi wa kuchomelea vyuma aliyefanya kazi kwenye daraja la Kigongo na Busisi lilipokuwa likijengwa, na wanawake wa sokoni walikuwa wakimzuia kijana huyo njiani na kumuuliza kwa nini anamwacha mkewe ateswe na wake wenza. Na mimi walinipa kiti barazani. Niliigiza baba mzazi wa tajiri. Sikuwa na maneno. Kazi yangu ilikuwa kukaa na fimbo na kuangalia watu wakipita. Nisidanganye, niliipenda. Vijana walinisalimia barabarani, "Shikamoo mzee wa tamthilia," na mimi niliitikia marahaba kwa sauti nzito kuliko ile niliyozaliwa nayo.

Asubuhi moja binti yangu alikuja mapema kabla ya wenzake. Nilikuwa nyuma ya nyumba nafungua koki ya tangi. Akanisalimia, halafu akakaa juu ya jiwe, akawa anazungusha pete yake ya ndoa.

"Baba, nina jambo. Mama hajui."

Kwetu baba haambiwi mimba na mtoto wake. Habari hiyo hupita kwa mama, au kwa shangazi, na baba hujifanya haoni hata pale kila mtu anapoona. Kwa hiyo aliponiambia, nilitazama koki. Yeye alitazama ndala zake. Lakini alisema.

"Mama nikimwambia leo, kesho wanajua Sengerema yote. Nataka nimalize kwanza. Zimebaki wiki saba. Nikivaa magauni mapana hawatajua."

"Na wakijua?"

"Wataniondoa, baba. Si unamkumbuka dada aliyekuwa nesi? Walisema kwenye hadithi amekwenda masomoni Ulaya. Mtoto wake sasa anatembea, na yeye bado yuko Ulaya."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wiki saba tu," alisema. "Kwenye vipande vya mwisho ndipo ninaposhinda. Nimesubiri miaka sita niigize mtu anayeshinda. Na wewe ndiye mlezi. Ukinyamaza, hakuna wa kuniuliza."

"Nimesikia," nikamwambia. "Halitoki hapa."

Aliinuka, akanishika bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu awe mkubwa. Akaenda kuvaa nguo za kazi.

Lilikaa kwangu siku tisa.

Siku ya kumi mwongozaji alibaki kula chakula cha mchana. Alikula kwangu mara nyingi, nilishamzoea. Mke wangu alikuwa ametuachia ugali na sato wa kuchemsha, na mwongozaji alikuwa akinyonya kichwa cha samaki huku akinipa habari za wiki inayofuata.

"Baba, kipande kinachokuja tunakupa maneno. Watu wanapiga simu. Wanasema yule mzee wa barazani akifungua mdomo, dunia itatikisika."

Nilinawa mikono ingawa sikuwa nimemaliza kula.

"Na binti yako tunampeleka kwenye mawe ya ufukweni," akaendelea. "Anakimbizwa usiku na watu wa mke mkubwa. Anateleza, anaanguka majini. Itakuwa kali hiyo."

"Huyo msimrushe kwenye mawe," nikasema.

"Kwa nini? Anaogelea kuliko sisi wote."

Hapa ningeweza kusema lolote. Ningesema ana mafua. Ningesema mlezi amekataa, basi, na angeheshimu, kwa sababu saini ya mlezi ilikuwa yangu. Nimejiambia kwa miaka kwamba nilimhofia mtoto na kile alichokibeba. Hofu ilikuwepo kweli. Lakini pia nilikuwa mzee aliyetoka kuahidiwa maneno, amekaa na mtu wa televisheni barazani kwake, na nilitaka nionekane mtu anayejua kitu ambacho mwongozaji hakijui.

"Hayuko peke yake," nikamwambia.

Aliacha kutafuna. Kisha akatabasamu, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya wangu.

"Umeniokoa, baba. Ingekuwa balaa. Hili ni letu wawili. Mimi nitampunguzia kazi taratibu, wala hatashtuka."

Na mimi nilimwamini, nikamwongezea samaki.

Siku tatu baadaye alikuja na karatasi ya mabadiliko. "Ratiba tu, baba, saini ya mlezi." Nilikuwa namsubiri mtu wa maji, miwani ilikuwa chumbani. Nikasaini juu ya paja langu. Miaka thelathini ya bohari, sikuwahi kusaini katoni moja ya minofu bila kufungua mlango wa chumba cha baridi na kuangalia. Kisha akaniomba ile picha ya ukutani.

"Ya kupamba seti," alisema.

Nikaitoa. Hilo la kuifuta vumbi kwa shati nimekwisha kulisema.

Jumatano iliyofuata binti yangu aliambiwa hana kazi, apumzike. Mke wangu alikuwa Sengerema kwa dada yake. Asubuhi wakaja na turubai, viti vya plastiki na wanawake kumi wa kuigiza vilio. Halafu likashushwa jeneza kutoka kwenye gari, jipya, lina harufu ya vanishi. Nikamuuliza mwongozaji, nani amekufa?

"Utaona, baba. Leo ndiyo siku yako. Una maneno manne tu, lakini mazito. Utasema: umeniacha na nani, mwanangu."

Walipoliingiza jeneza sebuleni na kuweka picha juu yake, nikaona. Nataka hili lisomeke wazi: niliona, na nilielewa palepale. Mke mdogo wa tajiri amekufa. Wamemuua ili wasihangaike na tumbo lake, na mimi ndiye niliyewapa tumbo, saini, sebule na picha. Ningeweza kusimama. Mwongozaji alikuwa ameshainua mkono, taa zilikuwa zimewashwa, wanawake kumi walikuwa wamevuta pumzi. Nikabaki kwenye kiti.

Kilichotokea nje hatukukipanga. Jirani yetu mmoja, mama anayeuza mihogo ya kukaanga barabarani, aliona turubai na kusikia vilio. Akafunga kanga kiunoni, akaja mbio akilia kutoka getini, vumbi kichwani.

"Jamani mwanangu! Mbona hamkutuambia anaumwa? Juzi tu kanunua mihogo kwangu!"

Mwongozaji alimgeuzia mpiga kamera macho, akamwonyesha kwa kidole: mchukue huyo, mchukue. Wakamchukua. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na kilio chake ndicho kilichonitoa mimi machozi. Nilijikuta nalia. Nikaweka mkono juu ya jeneza, nikasema maneno yangu manne, na sauti ikanikatikia mahali penyewe.

Nilipoinua uso nilimwona binti yangu mlangoni.

Alikuwa ametoka kliniki, mara yake ya kwanza. Kadi ya kliniki ilikuwa mkononi ndani ya mfuko wa plastiki ili isipate jasho. Nadhani alipita kwangu kuja kunionyesha, maana ni mimi peke yangu niliyejua hapa nyumbani. Alisimama nyuma ya kamera. Mimi nilimwona, naye aliniona nikimwona. Mwongozaji alikuwa akizungusha kidole hewani, endelea, endelea. Nikaendelea. Nililia mbele ya mtoto wangu juu ya jeneza lake mpaka niliposikia neno kata.

Watu wakapiga makofi. "Mzee ametisha!" mmoja akasema. Ndipo nao wakamwona binti yangu.

Alipita katikati yao taratibu, akaitoa picha juu ya jeneza, akaiweka kwapani pamoja na kadi yake.

"Baba," akasema, "nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Kwa kweli sikuujua, hawakuwa wameniambia.

"Dada, ni hadithi tu," mwongozaji akasema. "Wewe nenda kajifungue salama. Ukirudi tunakufufua. Tutasema ulikuwa na pacha."

Mtu fulani nyuma alicheka. Mama wa mihogo, aliyekuwa ameshika ukuta, ndipo akaelewa kwamba marehemu anatembea.

"Kumbe mnacheza?" alipiga kelele. "Mmenitoa machozi yangu, mihogo yangu inaungua huko! Wewe mzee mzima na mvi zako, unachezea msiba?"

Binti yangu hakumtazama. "Nani amewaambia nimebeba?" aliuliza.

Mwongozaji, yule aliyeweka mkono wake juu ya wangu, alifungua faili lake, akatoa karatasi, akaonyesha saini yangu chini.

"Sisi tulifuata utaratibu. Tulimshirikisha mlezi. Mzee ndiye aliyetushauri kwa ajili ya usalama wako."

Binti yangu aliisoma karatasi yote. Alisimama pale akaisoma mstari kwa mstari, kama nilivyomfundisha nilipokuwa nikimsaidia masomo mezani palepale. Kisha akamrudishia na kutoka. Getini mama wa mihogo alimkimbilia, akamshika mashavu kwa mikono miwili kuhakikisha kwamba ni mtu.

Mke wangu alirudi kesho yake. Alikuwa ameshapigiwa simu na watu watatu. Hakufoka. Alifungua madirisha yote ya sebule, akamwita katekista, wakasali, akadeki mara mbili. Kwao jeneza tupu haliingizwi kwenye nyumba ya watu, kwa kuwa linaweza kumtafuta mwenyewe. Mimi nilimwambia hayo ni mambo ya zamani. Aliweka tambara chini.

"Mtoto wangu ana mimba," alisema. "Ukanificha mimi mke wako. Ukaenda kumwambia yule aliyekuwa anakula samaki wangu."

Mimba ilipofika mwezi wa saba binti yangu alianza kutokwa damu, wakamlaza hospitali siku sita. Siku hizo sita sikuyaita tena mambo ya zamani. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, na kila nesi aliyetoka nilimtazama miguu kwa sababu niliogopa kumtazama usoni. Mtoto alikaa mahali pake mpaka muda ulipofika. Akazaliwa msichana, mzima, ana sauti.

Tamthilia ilitoka. Kipande cha msiba kikasambaa kwenye simu za watu kuliko vingine vyote, hasa mama wa mihogo na mimi. Mwaloni, wanakouza dagaa, watu waliniita baba marehemu. Sikuwahi kujulikana hivyo maishani mwangu. Mwongozaji alihamia nyumba nyingine yenye nguzo nne, na hakuja tena kwangu hata kuchukua viti vyake vitatu alivyovisahau. Mke wake naye alijifungua miezi hiyo hiyo. Nilisikia kwamba alinunulia kikundi kizima soda, wakampigia makofi, na kesho yake akaendelea na kazi. Aliyeigiza tajiri, mume wa binti yangu kwenye hadithi, alikuwa na watoto watatu. Hakuna aliyewahi kumuuliza watoto hao watamzuia lini.

Na mke mdogo walimfufua kama walivyosema, ila pacha aliyekuja alikuwa msichana mwingine, wa miaka kumi na tisa. Pacha huyo ndiye aliyeshinda kwenye vipande vya mwisho. Nilitazama mara moja tu, kwa jirani. Alivaa gauni lile la njano ambalo mke wangu alimshonea binti yetu.

Mtoto alipofikisha miezi mitano binti yangu alianza kwenda tena kwenye usaili. Haya nayajua kupitia kwa mama yake, kwa sababu kwangu alikuwa akileta salamu tu. Mahali pa kwanza walimwambia mwili haujarudi. Alipouliza urudi wapi, wakamwambia asiwe mkali. Mahali pa pili alisimama mbele ya meza ya watu wanne, akaanza kusema maneno yake, na maziwa yakapita kwenye blauzi. Mmoja wa wale wanne alianza kuandika kitu na hakuinua kichwa tena. Mahali pa tatu walimpenda sana, wakampa nafasi ya mama wa msichana aliyeigiza pacha wake. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Walitaka kumpaka mvi.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu, mwambie binti yetu awe ananiletea mtoto, mimi sina kazi, nitamshika mama yake akiwa kwenye usaili. Majibu yalikuja baada ya siku mbili: anashukuru, ila mtoto amezoea kwa bibi yake mzaa baba.

Alipata kazi ya kusoma matangazo ya redio. Kwa miaka mitatu sauti yake ilitangaza sabuni, dawa za mifugo na bima ya boda boda. Nilikuwa nikifungua redio asubuhi kumsubiri. Mama yake alimuuliza kama anaipenda kazi hiyo. Alisema ni nzuri, redioni tumbo halionekani.

Nilijaribu mara moja kuomba msamaha. Ilikuwa Krismasi, amekuja na mumewe. Nilimfuata nyuma ya nyumba, kwenye tangi, nikasema nilikosa. Nilianza kumweleza kuhusu mawe, kwamba nilihofia angeanguka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Ungesema, mwanangu, mawe yale naogopa. Ningekataa mwenyewe kupanda. Sikukwambia ili uniamulie."

Akarudi ndani kumsaidia mama yake kupakua pilau. Tangu hapo tuliishi kwa salamu njema.

Mwaka huu alipata kazi ya kuigiza, ya kwanza tangu jeneza. Kampuni ni nyingine, inaongozwa na mwanamke aliyemsikia redioni akamtafuta. Wanapiga picha Busisi, upande wa pili wa daraja, penye kivuko cha zamani ambapo sasa kumebaki watu wachache wanaouza samaki na mashine za kukatia tiketi zilizofunikwa. Siku moja bibi mzaa baba aliumwa, mke wangu alikuwa kwenye mazishi ya kweli, na simu yangu ikaita.

"Baba, shikamoo. Unaweza kunisaidia mtoto leo?"

Nilikuwa nimevaa viatu kabla hajakata.

Alinipitia na gari la kampuni, akiwa na mtoto. Tulivuka daraja kwa dakika chache, mahali ambapo zamani tulikuwa tukikaa nusu siku kusubiri pantoni, na mumewe, aliyechomelea vyuma vyake, hakuwepo kutuonyesha vipi ni vyake. Tulipofika, binti yangu alishuka akiwa ameweka mkono mgongoni. Kwenye pochi yake niliona vipande vya udongo ule wa kutafuna ambao wanawake wajawazito hununua sokoni. Alikuwa amevaa gauni pana. Nilimfahamu mtoto wangu. Nikamshika mjukuu mkono, nikaenda kukaa naye kwenye jiwe karibu na maji, nikatazama mitumbwi.

Mbele yetu walikuwa wakiandaa boti yenye injini. Nilisikia kwamba mtu atapanda, boti itaondoka kwa kasi, kisha ataruka. Nikaikumbuka siku ya sato. Hadithi zinajirudia kwa kuwa waandishi wake ni walewale, nilijisemea, lazima mwanamke arushwe majini. Nikafikiria kusimama na kwenda kumwambia yule mwanamke anayeongoza. Nikafikiria pia kwenda kumwambia binti yangu, kama alivyosema ile Krismasi. Lakini ningeanzaje? Hakuwa ameniambia kitu. Hata kwa njia ya shangazi sikuwa nimeambiwa.

Dada mmoja wa mapambo alikuja na brashi zake kiunoni.

"Shikamoo baba. Eti dada ameamkaje leo? Yuko sawa?"

Alinitazama usoni akiuliza. Niliitazama boti.

"Yuko sawa kabisa," nikasema. "Hana tatizo lolote. Kwa nini?"

Akaangua kicheko, akanipiga begani kidogo kama mtani.

"Baba nawe! Usitufiche sisi. Nilitaka kujua tu kama kichefuchefu kimepungua, maana jana alitapika kwenye boksi langu la poda. Kwenye boti anapanda mwenzake, yeye tunamchukua kuanzia kifuani kwenda juu. Alituambia mwenyewe kabla ya kusaini. Alisema ndiyo sharti, ama mnanichukua na mimba yangu mkaandika hivyo, ama tuachane sasa hivi. Ndiyo maana bosi kaleta kile kiti."

Kulikuwa na kiti kweli, kiti kizuri cha kuegemea, chini ya mwavuli. Nilikuwa nimekiona tangu tulipofika nikadhani ni cha mkubwa.

"Kumbe," nikasema. "Vizuri."

Nilicheka naye mpaka alipoondoka. Mjukuu aliniuliza ninacheka nini, nikamwambia boksi la poda.

Baadaye binti yangu alikuja kumnywesha mtoto maji. Alikaa kwenye jiwe, mbali nami kwa nafasi ya mtu mmoja.

"Yule dada alikuwa anakuuliza nini?"

"Habari yako."

"Ukasemaje?"

"Nikasema huna tatizo lolote."

Alifunga kifuniko cha chupa. Alinitazama muda mrefu, hata nikasikia haya.

"Unajua," alisema.

"Nimeona udongo."

"Na ukamwambia sina tatizo."

"Ndiyo."

Nyuma yetu malori yalikuwa yakipita juu ya daraja, sauti ileile moja isiyokoma.

"Mama anajua," alisema. "Shangazi anajua. Hawa wote hapa wanajua. Wewe ningekuambia nikishajifungua."

"Ni sawa," nikasema.

Sikusema kwa kujionea huruma, ilikuwa sawa kweli. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetarajia nibishe na sasa hana la kuongeza. Wakamwita. Aliinuka kwa kushika bega langu, kwa sababu lilikuwa karibu na tumbo lilikuwa zito, akavua ndala, akaziacha kwenye jiwe kando yangu.

"Usimwache aingie kwenye maji," alisema akimwonyesha mtoto.

"Haingii."

Akaenda peku kwenye kiti chake. Waliposema kimya, nilimziba mjukuu mdomo kwa kiganja, naye akakilamba kwa utundu, nikajizuia kucheka. Binti yangu alianza kusema maneno yake. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wetu kwenda kwao, kwa hiyo sikusikia hata neno moja, niliuona tu mdomo wake.